Mashine Inayolia Kila Mahali

Jumamosi, tarehe 13 Aprili 2024, Guangzhou iliamka imelowa. Mvua haikuwa ikinyesha, ila ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye nyaya za umeme za mtaa wa Sanyuanli, na kuta za vyumba zilikuwa zinatoka jasho kama mtu mwenye homa. Nguo zilizoanikwa katikati ya wiki zilikuwa bado mbichi. Mwenye nyumba alikuwa ametandaza maboksi kwenye ngazi ili wapangaji wake wasiteleze.

Felisia alikuwa amekwisha kusali sala za asubuhi, lakini alikuwa bado amepiga magoti, kwa sababu kazi iliyofuata nayo ilitaka magoti. Mbele yake, juu ya shuka kuukuu, alikuwa ametandaza udongo mwekundu wenye changarawe nyeusi, na mkononi alishika draya ya nywele. Aliupitisha upepo wa moto juu ya udongo polepole, huku na huku, kama anayekausha nywele za mtoto. Midomo yake ilikuwa inacheza. Alikuwa anamwomba Mungu udongo ukauke kabla hawajatoka, na kama ingempendeza, draya ile ya kuazima isiungue.

Udongo ule ulitoka Nyabulanda, kijiji cha kwao mume wake huko Geita. Baada ya Krismasi, mkulima mmoja aliyekuwa anachimba shimo la choo alikutana na kipande cha dhahabu, na kabla choo hakijaezekwa, kijiji kilikuwa na watu wengi kuliko mji. Wachimbaji jambo hilo huliita rashi. Agripina, wifi yake Felisia, mwenye duka la soda na vocha pale kijijini, alikuwa akisimulia kwa simu mpaka anakosa pumzi. Sahani ya wali imefika bei ya kuku. Mtu akitaka kulala sakafuni kwa jirani analipa. Na kijana yeyote mwenye mashine ya kupimia dhahabu, ile inayofanana na fagio lenye sahani chini, anapita mashambani kama waziri, kundi la watu nyuma yake, wakisubiri ilie ili wachimbe.

Hizo mashine zinatengenezwa China, na Felisia na Theophil walikuwa China. Kwa miaka kadhaa walikuwa wakinunua magauni soko la Shisanhang na viatu soko la Liuhua, wakipata faida nyembamba ya kulipia karo na kodi. Safari hii walikuwa wamechukua mtaji wote, hata uliokuwa wa magauni, wakaulipa kama malipo ya awali ya mashine ishirini. Nusu iliyobaki ingetoka kwa wenzao wa kikundi, wafanyabiashara wa nyumbani waliozoea kuchangia mizigo pamoja. Malipo yalitakiwa yakamilike Jumatatu, siku ambayo maonyesho makubwa ya biashara yanafunguliwa na jiji linafurika wanunuzi. Wasipolipa, mashine zitauzwa kwa wengine, na pesa yao haitarudi. Risiti ilisema hivyo kwa Kichina na muuzaji alisema hivyo kwa Kiswahili.

Mlango ulisukumwa. Alikuwa Abigail, jirani yao wa ghorofa ya chini, mwuza magauni kutoka Mwanza, amekuja kurudisha sufuria. Alisimama kizingitini akamtazama Felisia, akautazama udongo, akaitazama rozari iliyokuwa imewekwa pembeni ya shuka.

"Mama Imani, unafanya nini?"

"Nakausha udongo wa dhahabu, dada. Leo nampelekea laoban," alijibu Felisia bila kugeuka, kwa kuwa draya ilikuwa inapiga kelele na mkono umeshapata mwendo wake. Laoban ndilo jina ambalo wafanyabiashara wote pale humwitia mwenye duka.

Abigail aliweka sufuria chini taratibu sana, kama anayeiweka karibu na mtoto aliyelala, akaenda zake. Felisia alidhani ana haraka ya soko.

*

Kwenye treni ya chini ya ardhi mizigo yote hupitishwa kwenye mashine ya ukaguzi. Ndoo ya Felisia ilipopita, askari mwenye glavu nyeupe aliisimamisha. Aliifunua, akainusa, akamwita mwenzake naye akainusa. Abiria walianza kuwazunguka pembeni, wengine wakitazama kwa chati. Theophil alitoa simu, akaongea Kiswahili polepole ili iwatafsirie, na simu ikasema maneno yake. Yule askari akauliza kitu, simu ikaeleza: anataka kujua mtapanda maua gani.

"Mwambie mihogo," alisema Felisia.

Theophil, ambaye siku hiyo alikuwa amevaa shati la pasi na viatu vya misa, hakufurahi. Walipoketi alinong'ona kwamba mtu mzima kutembea na ndoo ya udongo katika jiji la watu ni kujidhalilisha. Mashine alishaijaribu yeye mwenyewe wiki iliyopita. Alimpa laoban pete yake ya ndoa, ikawekwa sakafuni, mashine ikalia vizuri kabisa. Kulikuwa na haja gani tena?

Felisia alimjibu kwamba sakafu ya laoban ni ya vigae, na huko Nyabulanda bado hawajaweka vigae shambani. Yeye hakudai kujua mashine. Ila Agripina alikuwa amemwambia kwamba kuna mashine nyingine zikifika kule zinalia kutoka shamba la kwanza mpaka la mwisho bila kupumua, ndiyo maana Felisia alimwomba ampe msafiri ndoo moja ya udongo. Akinunua gauni huligeuza ndani nje. Kwa nini mashine ya bei ya magauni mengi ainunue kwa kuitazama tu?

Duka lilikuwa ghorofa ya tatu ya jengo la vifaa vya umeme. Laoban, mama mnene mcheshi mwenye miwani kichwani, aliwapokea kwa Kiswahili chake cha biashara: rafiki, karibu, bei nzuri, hakuna shida. Aliwapa viti vya plastiki na maji ya moto. Ndoo ilipofunuliwa aliinua miguu kama aliyeona panya, lakini alipoelezwa kwa simu, alicheka akatandaza gazeti mwenyewe.

Theophil aliishika mashine waliyoilipia. Juu ya vigae ilikuwa kimya. Aliipeleka juu ya udongo, ikalia. Akaiondoa, ikanyamaza. Akairudisha, ikalia tena, mlio mrefu wa furaha, ingawa kwenye gazeti hapakuwa na kitu zaidi ya udongo na zile changarawe nyeusi.

"Labda kuna dhahabu humo," alisema Theophil, na sauti yake ikawa nyembamba kidogo.

Waliuchambua udongo kwa vidole, wote watatu, laoban akiwa ameshusha miwani. Hapakuwa na kitu. Changarawe zile zilikuwa na chuma ndani yake, na mashine ilikuwa inakililia hicho chuma. Katika ardhi kama ile ya Nyabulanda ingelia kwa kila hatua, na kila inapolia mtu angechimba.

Laoban hakubishana. Alitoa mashine nyingine kwenye boksi la juu, akabonyeza vitufe, akaipandisha na kuishusha juu ya udongo mpaka ikauzoea, kisha akampa Felisia. Ilipita juu ya udongo bila kusema neno. Felisia alivua hereni yake moja, ndogo kama punje ya mtama, akaifukia. Mashine ilipita, ikanyamaza, ikapita tena, ikatoa mlio mfupi mmoja. Akaihamisha hereni. Mlio ukahama nayo.

"Asante Mungu," alisema Felisia, na laoban, aliyeyajua maneno hayo kwa wateja wake, akaitikia, "Asante, asante."

Bei yake ilikuwa mara mbili. Laoban alikubali kuhamisha malipo yao ya awali, lakini kwa fedha ileile watapata kumi tu badala ya ishirini. Theophil alipojaribu kuomba punguzo, alijibiwa neno moja alilolielewa bila simu: meiyou, hakuna. Na ni mpaka Jumatatu. Alipoona wamenyong'onyea, aliwaruhusu waondoke na mashine zote mbili kama sampuli. Pesa yao alikuwa nayo, wangekimbilia wapi?

Walipokuwa wanangoja treni, simu ya Felisia ililia. Ulikuwa ujumbe wa Salvatory, mwenyekiti wa kikundi: "Malipo yasimame kwanza. Kesho baada ya misa tuonane kwangu, wote. Kuna jambo la kiroho."

"Nani amefariki?" aliuliza Theophil.

Felisia aliwapigia wawili watatu. Hakuna aliyepokea.

*

Mchana ule Theophil alisema anaijaribu mashine nzuri. Aliipitisha chini ya kitanda, akapata kifungo cha suruali. Aliipitisha nyuma ya jiko, akapata sarafu ya yuani moja, akaibusu. Aliipitisha ukutani ikalia kutoka mlangoni hadi dirishani, akasimama amekunja uso mpaka Felisia alipomkumbusha kuwa humo ndani mna mabomba. Hata hivyo hakuiacha. Alikuwa amevaa visikizi vya mashine masikioni, shingo ameilaza upande mmoja, uso umelainika kama wa mtu anayeitwa jina lake na sauti anayoipenda.

"Mama Imani," alisema, bila kuvua visikizi, kwa hiyo alisema kwa sauti kubwa mno. "Hivi kwa nini tuziuze zote? Moja nibaki nayo mimi. Nikashuka Nyabulanda nayo hata mwezi mmoja tu. Shamba la baba liko mita chache kutoka lile la choo."

Felisia alikuwa anamenya ndizi. Alimwuliza kama anamfahamu mtu yeyote aliyeenda huko mwezi mmoja tu akarudi. Theophil alicheka, akasema anatania, akaendelea kuipitisha mashine chini ya meza ambako alikuwa amekwisha kuipitisha.

*

Jumapili waliposali kanisa kuu, lile la mawe, Felisia aliona dalili ya kwanza. Abigail, ambaye kila Jumapili hukaa naye benchi moja, alikaa nyuma kabisa karibu na nguzo. Ya pili aliiona nyumbani kwa Salvatory. Alifika na sufuria yake ya ndizi na nyama, chakula ambacho watu hao huwa wanakigombea, akaiweka mezani na sahani na vijiko. Watu walikuwa kama kumi. Walimsalimia vizuri. Mmoja alisema ameshiba. Mwingine alisema daktari amemkataza ndizi. Abeli wa viatu, kijana ambaye hula hata akiwa amelala, alisema yeye siku hizi anafunga Jumapili.

Sufuria ilikaa pale ikitoa mvuke. Felisia aliitazama, akahisi masikio yanawaka moto. Angetukanwa angejua la kujibu.

Ndipo akaingia Nassor. Nassor alikuwa Mzanzibari mwenye ofisi ya kusafirisha mizigo kwa ndege, na aliitwa kwa sababu mashine zisingeweza kungoja meli; meli ingefika Dar es Salaam, rashi imekwisha kuhamia kijiji kingine. Hakuwa na habari yoyote. Alifunua sufuria, akanusa, akajipakulia sahani ikajaa, akaketi.

"Mbona hamli?" aliuliza baada ya tonge la tatu. "Sisi tumemaliza Ramadhani juzi, nyinyi ndo mmeanza?"

Abigail alikuwa anamtazama Nassor kama mtu anayetazama gari linakwenda kugonga ukuta. Mwishowe alishindwa kuvumilia, akamwambia aiache ile sahani.

Salvatory alikohoa. Alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya kusomea masomo kanisani, na alianza mbali sana, kwa habari za umoja, na upendo, na jinsi kikundi kilivyoanza na watu watatu tu. Alisema mambo ya dhahabu huko nyumbani yana mengi. Wote wanajua kwamba watu wa migodini huenda kwa waganga kabla hawajashika sururu. Yeye hamhukumu mtu. Lakini pesa ya kikundi ni ya watu wanaosali, na haiwezi kuingia kwenye biashara ambayo mtu amepiga magoti mbele ya udongo wa kuletwa.

"Udongo gani?" aliuliza Theophil, akisimama. "Nani amepiga magoti?"

"Kaa, baba Imani," alisema Felisia.

Sasa alielewa, na kitu cha ajabu ni kwamba hakukasirika. Alijiona kama Abigail alivyomwona: magoti, rozari, udongo mwekundu, midomo inacheza. Kicheko kilimpanda kutoka tumboni, akajaribu kukizuia kwa kiganja, kikatokea puani. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na watu wakatazamana, kwa sababu hakuna aliyewahi kusikia kwamba wachawi hucheka hivyo.

"Dada Abigail," alisema alipopata pumzi, "hukuiona draya?"

"Niliisikia inavuma," alisema Abigail kwa shida. "Sikujua ni draya. Nilidhani... sikujua ni nini."

"Na nilikuwa nasali kweli. Nilikuwa namwomba Mungu udongo ukauke. Ukiwa na maji, mashine haitasema ukweli."

Alimtuma mume wake achukue mfuko waliouacha mlangoni. Mlikuwa na ndoo, na zile mashine mbili walizotaka kuwaonyesha wenzao. Walisogeza meza, wakatandaza pazia la bafuni sakafuni, wakamwaga udongo. Kwanza walirudi nyuma hatua moja, wote isipokuwa Nassor, aliyesogea mbele na sahani yake. Felisia aliiwasha mashine ya kwanza ikapiga kelele nyumba nzima, pasipo kitu chochote. Akaiwasha ya pili, ikanyamaza. Kisha akamwomba Salvatory avue mkufu wake wenye msalaba, aufukie popote anapotaka, yeye Felisia akageuza uso ukutani.

Ilimchukua kupita mara mbili. Mlio ulipotoka, Abeli alipiga makofi kama mtu aliyeona bao. Baada ya hapo ikawa michezo. Kila mmoja alitaka kuficha kitu, kila mmoja alitaka kushika mashine. Wakaficha pete, wakaficha jino la dhahabu la Nassor ambalo, alisema, analivua kwa wanawake waungwana tu. Abigail alikuja akajipakulia ndizi, akaketi karibu na Felisia wakiwa wamegusana mabega, akala sahani nzima.

"Niliwapigia wote," alisema mwishowe. "Usiku mzima nilikuwa nakuombea utolewe pepo."

"Basi ahsante. Sala haipotei, itakuwa imenifanyia kazi nyingine."

*

Lakini pesa ilikuwa bado haijatoka, na aliyeufungua mjadala alikuwa Abeli, bila ubaya wowote. Alikuwa ameishika ile mashine ya kwanza, ya kelele, anaiwasha na kuizima.

"Sasa nyie mnaikataa hii kwa nini?" aliuliza. "Hii ndiyo itakayouzika. Fikiria uko porini, umekopa nauli, umemwacha mke na wali wa mkopo, mara inalia. Inalia tena. Utainunua mbio. Ile nyingine inanyamaza siku nzima, nani atanunua kimya? Halafu hizi ni ishirini. Zile ni kumi."

Kila aliyekuwemo alikuwa mfanyabiashara, na kila mmoja alijua kwamba Abeli alikuwa amesema kweli. Theophil alimtazama mke wake. Salvatory alisema kwa sauti ya chini kwamba muuzaji haendi kuchimba. Mzigo ukishatoka mkononi, ni wa aliyeununua. Na rashi haina mteja wa kurudi mara ya pili.

Felisia alisali kimya kidogo, kwa sababu naye alikuwa ameshapiga hesabu ile jana yake, kitandani, na alikuwa ameiona ni tamu.

Alianza kwa kuwaambia hivyo. Kisha akawaambia habari za udongo. Shimo moja la kumfika mtu kifuani katika udongo ule ni kazi ya siku nzima kwa wanaume wawili, wameshalipia chakula, maji na sururu. Mashine ya kelele itawachimbisha shimo kama hilo kwa sababu ya changarawe, na kesho jingine, mpaka wauze blanketi. Hao siyo watu asiowajua. Ni wana wa shangazi zake Theophil. Ni vijana wanaokopa soda kwa Agripina, na Agripina ndiye atakayeulizwa mashine ilitoka kwa nani.

"Na hata ningekuwa siwajui," alisema, "mimi jioni ninafumba macho kusali. Nitasikia inalia."

"Hilo la kiroho tumelielewa," alisema Salvatory. "La hesabu je?"

"La hesabu ni kwamba tusiziuze. Tuzikodishe."

Aliwaeleza alivyokuwa ameongea na Agripina alfajiri ile. Kule Nyabulanda, anayelisha wachimbaji hupewa fungu lake la mawe yenye dhahabu. Mwenye pampu ya maji hupewa fungu. Mwenye shamba hupewa fungu. Ni desturi, hakuna anayeishangaa. Mwenye mashine nzuri naye hupewa fungu la kila kinachopatikana, na kisipopatikana hapewi kitu, ndiyo maana mashine ya kelele haiwezi kukodishwa hata wiki moja. Ya kelele unaiuza na kukimbia. Ile nyamavu inabaki yetu. Rashi ikihama inahama nayo, na ya mwaka kesho itaikuta ipo. Mashine kumi zinazofanya kazi mwaka mzima, au ishirini zinazouzwa mara moja na jina letu linauzwa nazo.

Nassor aliweka sahani yake chini. Alisema yeye anasafirisha tu, lakini mizigo kumi inalipiwa nusu ya ishirini, na akipewa fungu la mashine moja, hiyo nusu nayo anaipunguza. Hilo ndilo lililowavuta. Mfanyabiashara anapoona mwenye ofisi ya mizigo anataka kuingia, huanza kuogopa kubaki nje. Abigail alisema ataweka mara mbili ya alichoahidi. Abeli alisema kama ni hivyo yeye anaacha kufunga Jumapili, akajipakulia ndizi zilizobaki.

Salvatory alikuwa bado anapapasa mkufu wake, ambao ulikuwa na udongo kwenye msalaba. Aliuliza nani ataziangalia huko. Agripina ana duka. Hawezi kuzunguka porini. Lazima aende mtu wa hapa.

"Nitakwenda mimi," alisema Theophil haraka.

Wote walimtazama. Alikuwa tena ameishika mashine nzuri, na visikizi viko shingoni.

"Hapo ndipo penye shida, mdogo wangu," alisema Salvatory. "Nimekutazama tangu tumwage udongo huu. Wenzako walicheza wakaiweka chini. Wewe hujaiweka. Mtu mwenye mashine kumi za kupimia dhahabu, katikati ya rashi, shamba la baba yake liko pale pale. Wewe utakuwa mkodishaji wiki ngapi kabla hujawa mchimbaji? Na mchimbaji hana kikundi. Mchimbaji ana shimo lake tu."

Felisia angeweza kumtetea, na angeweza kusimulia habari za jana na ile sarafu ya yuani, lakini aliona kwamba lolote kati ya hayo lingemdhalilisha mume wake mbele ya watu, na lisingemsaidia. Alitazama mikono yake mwenyewe. Kumi zile, karo za watoto, kodi ya chumba, magauni ambayo hawakuyanunua, vyote vilikuwa vimesimama kwenye mdomo wa Theophil.

Theophil alijaribu kucheka, kicheko hakikufika. Kisha alivivua visikizi shingoni, akavizungushia mpini wa mashine kwa uangalifu, akamkabidhi mke wake. Alisimama wima kama alivyosimama siku alipofunga ndoa, mikono pembeni.

"Kaka Salvatory umesema kweli, na mke wangu aliiona kabla yako ila ameniheshimu," alisema. "Nasema mbele ya Mungu, na mbele ya mama Imani, na mbele yenu nyote, na wewe Nassor uwe shahidi kwa imani yako."

"Niko," alisema Nassor.

"Mashine hizi nitazikodisha. Sitazitumia kujitafutia. Sitagusa sururu Nyabulanda, hata kwenye shamba la baba yangu. Na siku ninamfundisha mtu, ikalia mikononi mwangu, nitamwonyesha pale pale kwa kidole, nitampa mashine yake, nami nitaondoka bila kugeuka nyuma kuangalia ametoa nini."